Ganda la Makadamia na Ganda la Ndizi

Ganda la makadamia ni gumu mno. Ulipige nyundo vibaya, litaruka likupige wewe. Katika kila kilo 100 za makadamia zinazoingia kiwandani Thika, karibu kilo 70 ni ganda tupu. Kinachofungwa kwenye maboksi kwenda ng'ambo ni ile thuluthi iliyobaki. Ukipiga hesabu kwa mizani, kiwanda cha makadamia ni kiwanda cha takataka kinachotoa na kokwa kidogo. Lakini tangu kampuni ya Kenya Nut ianzishwe mwaka 1974 na Mjapani Yoshiyuki Sato, na wengine wakafuata nyayo, sijaona maganda hayo yakirundikwa kando ya barabara ya Garissa. Yanawaka kama kuni za mti mgumu. Huchochea boila, boila hutoa mvuke, mvuke hukausha shehena inayofuata, na yanayozidi yana wateja wenye tanuri zao.

Sasa chukua ganda la ndizi. Ni laini, lina maji, ng'ombe hulila, mbuzi hulila, nguruwe hulila, na ukilifukia shambani baada ya majuma machache hulioni tena. Lakini ganda la ndizi iliyoliwa asubuhi Makongeni, mtaa wa Thika, hutiwa kwenye juala pamoja na nepi ya mtoto, betri ya redio, kifuko cha sabuni na makapi ya majani ya chai. Juala hufungwa fundo, hushushwa ngazi orofa nne, hulala mlangoni pa ploti siku tatu, hupakiwa mkokotenini, kisha lorini, mwisho humwagwa Kang'oki, lile jaa la pembeni mwa Thika. Huko hufunikwa na mengine hadi likose hewa, likaoza likitoa methani. Ganda gumu limepata kazi ya kudumu. Lile laini, linalotakiwa na kila kiumbe mwenye tumbo, limekuwa mzigo wa serikali ya kaunti.

Nikiulizwa miji ya Thika na Ruiru itafikaje mahali pa kutotupa chochote, huanzia kwenye maganda hayo mawili. Anayeuliza kwa kawaida hutarajia nianze na plastiki, na uso wake hubadilika kidogo. Plastiki inaonekana: inaning'inia kwenye miiba, inaziba mitaro, inaelea mtoni. Lakini jicho halipimi uzito. Sera ya taifa ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba Wakenya hutoa tani 22,000 za taka kwa siku, kwa kuchukulia kwamba kila mtu hutupa nusu kilo. Katika hizo, asilimia 60 hadi 70 ni vitu vinavyooza. Plastiki ni kama asilimia 20, karatasi 10, na yaliyobaki ni vyuma na mengineyo.

Tuilete hesabu hiyo nyumbani. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta watu 490,120 katika mji wa Ruiru, ukawa wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, jambo ambalo wakazi wengi wa Ruiru wenyewe hawalijui. Thika, iliyozoea kumwona Ruiru kama mdogo wake, ilikuwa na 251,407. Jumla yao ni watu 741,527. Nusu kilo kwa kila mmoja ni tani 370 kwa siku. Kwa lori la tani 7, hizo ni safari 53 kila siku iendayo kwa Mungu, Jumapili na Krismasi zikiwemo, na watu wameongezeka tangu karani wa sensa aondoke. Hakuna kaunti ninayoijua yenye malori mazima ya kutosha safari hizo. Kwa hiyo zisizopakiwa huchomwa usiku nyuma ya ploti, au hutupwa mtaroni zingoje mvua.

Ondoa sasa kinachooza. Kwa asilimia 65, tani 240 zimetoka. Zimebaki tani 130, yaani chini ya safari 20 kwa mizani. (Ni kweli kwamba taka kavu ni nyepesi na hujaza lori kabla ya kulielemea, kwa hiyo kwa uhalisia zitazidi. Lakini taka kavu haina haraka. Haitoi harufu, haiiti nzi, inaweza kungoja juma zima.) Na hizo tani 240 zilizotoka ni nini hasa? Zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji: maji ya sukuma wiki, ya tikiti, ya ugali uliobaki. Tunachoma dizeli kusafirisha maji kutoka Githurai, upande wa Ruiru, hadi ng'ambo ya mji wa Thika, kisha tunashangaa kwamba bajeti imekwisha mwezi wa tatu.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Kaunti ya Kiambu, yenye miji hii miwili, ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na mfugaji wa Kiambu hawezi kuona kitu chenye lishe kikipotea. Machicha ya kiwanda cha bia cha Ruaraka yamelisha ng'ombe wa kaunti hii kwa miongo. Foleni ya pikapu za machicha ni mandhari ya kawaida kwa yeyote anayeijua njia hiyo. Makapi ya mananasi ya Thika nayo huliwa na ng'ombe. Maganda ya kahawa hurudi chini ya mibuni au huishia tanurini. Katika boma, maganda ya viazi yalikuwa na mwenyewe kabla hayajaanguka chini. Neno takataka lenyewe, kwa nyanya yangu, lilikuwa vumbi na majani makavu aliyofagia uani, na hayo pia aliyapeleka kwenye migomba.

Kilichobadilika ni umbali kati ya sufuria na zizi. Mwaka 2009 Ruiru ilihesabiwa watu 238,858; baada ya miaka 10 wamezidi maradufu. Barabara kuu ya Thika ikafunguliwa mwaka 2012, na shamba la kahawa likawa karibu na ofisi za Nairobi kuliko lilivyokuwa karibu na kiwanda cha kukoboa. Mji mpya wa Tatu City peke yake umechukua ekari 5,000 zilizokuwa za mibuni. Kati ya Kihunguro, Kimbo, Gatong'ora na Mwihoko, mahali pa mbuni mmoja pamesimama orofa tano za wapangaji. Duniani jina la Ruiru bado ni jina la aina ya kahawa, ile Ruiru 11 iliyotolewa na watafiti wa mji huu mwaka 1985, lakini mtoto wa Kimbo leo anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuugusa mbuni. Ng'ombe hawajaenda mbali lakini. Panda bodaboda dakika 15 kutoka stendi yoyote ya miji hii miwili utakuta zizi, banda la kuku au nguruwe, na mwenyewe analalamika juu ya bei ya chakula cha mifugo. Mduara umekatika mahali pamoja tu, pale kati ya mlango wa nyumba ya mpangaji na lango la mfugaji. Kamba iliyokatika mahali pamoja hufungwa. Hatuna haja ya kusuka nyingine.

Nisimame kidogo kwenye mito, kwa sababu jiografia ya hapa ina mzaha wake. Chania na mto Thika hukutana Thika, na maji yao huenda Tana, yakajaza bwawa la Masinga, yakafika baharini Kipini. Mto Ruiru na Ndarugu huenda Athi, ukawa Galana, ukawa Sabaki, ukamwaga kaskazini kidogo mwa Malindi. Miji miwili iliyo kilomita 20 hivi kati yao inachafua Bahari ya Hindi kwa milango miwili tofauti. Mvuvi wa Kipini anapata chupa ya Thika, wa Malindi anapata ya Ruiru pamoja na kila kitu kilicholetwa na mto Nairobi. Anayetaka kuona ushahidi wa mzigo wa Athi asiende pwani. Aende Fourteen Falls baada ya mvua kubwa, atazame kinachozunguka chini ya maporomoko.

Basi kwa nini hatufungi kamba? Sababu ya kwanza ni kwamba tunapenda mitambo. Kila baada ya uchaguzi huja ahadi ya kuchoma taka tupate umeme, na Kang'oki imewahi kuchumbiwa kwa ahadi ya namna hiyo. Mimi si adui wa moto, ganda la makadamia limenifundisha. Lakini moto unataka kikavu. Ukichoma mchanganyiko ambao theluthi mbili yake ni mabaki mabichi ya jikoni, nguvu nyingi ya moto huishia kuyakausha kwanza. Addis Ababa walizindua kiwanda cha Reppie Agosti 2018, kando ya jaa la Koshe, mwaka mmoja na ushei baada ya rundo la jaa hilo kuporomoka na kuua zaidi ya watu 100. Ni jengo la kupendeza. Ila mkataba wa kiwanda kama hicho una tabia moja: unataka kiwanda kilishwe kila siku kwa miaka mingi, na mji uliotia saini hauwezi tena kufurahia taka zikipungua. Mji unaotaka kufika sifuri hauwezi wakati huohuo kuwa na deni la tani.

Kwa upande wa pili wako wanaosema tulijenge jaa vizuri zaidi, yatosha. Hawa nawaheshimu zaidi. Kang'oki ilichaguliwa kujaribiwa mbinu ya Fukuoka, kwa msaada wa UN-Habitat. Mbinu hiyo ilibuniwa na Chuo Kikuu cha Fukuoka pamoja na jiji hilo la Japani katika miaka ya 1970, na uzuri wake ni urahisi. Unalaza mabomba yenye matundu chini ya jaa, yale maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka yanatoka badala ya kutuama, na hewa inaingia kwa njia hiyohiyo. Penye hewa, uozo hutoa methani kidogo, maji hupungua ukali, na rundo hutulia mapema. Mbinu hii haihitaji umeme wala mtaalamu wa kukaa hapo usiku na mchana. Yeyote anayeuliza faida ya kulituliza rundo akumbuke Kiteezi, jaa la Kampala lililotumika tangu mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024 liliporomokea nyumba za majirani likaua zaidi ya watu 30. Lilikuwa limejaa kwa miaka, na kila mtu alijua. Kwa hiyo ndiyo, mabomba ya Fukuoka yawekwe, yatunzwe, yasizibwe na tingatinga. Lakini hayo ni matibabu ya mgonjwa. Ganda la ndizi halikuwa na sababu ya kulazwa pale.

Sababu ya pili ya kutofunga kamba huiona mtu akizungumza na keateka, mwangalizi wa ploti. Si waziri, si gavana, wala si mtaalamu mwenye projekta. Nilikaa na mmoja wa Kihunguro kwenye benchi lake chini ya ngazi, nikamuuliza kwa nini hana mapipa mawili ilhali sheria inataka.

"Mzee," akaniambia, "mapipa mawili nilinunua. Wapangaji wakazoea, hata watoto. Halafu wale vijana wa mkokoteni wakaja wakamwaga yote pamoja, watu wakiangalia kutoka kwenye balkoni. Kesho yake utamwambia nini mama wa watu?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imesema wazi kwamba taka zitenganishwe zinapozaliwa, zinazooza mbali na zisizooza, na kwamba mchukuzi azichukue zikiwa hivyo, na kaunti ziwe na vituo vya kupokea na kuchambua. Katiba ya mwaka 2010 ilikwisha kuweka kazi ya taka mikononi mwa kaunti. Kwa maandishi hatukosi kitu. Lakini tumewaomba watu 741,527 wabadilike kabla hatujabadilisha mkokoteni mmoja. Mpangilio sahihi ni kinyume chake. Kwanza lori au mkokoteni wa taka mbichi peke yake, wenye siku zake, wenye mahali unakokwenda. Ndipo mwenye nyumba aombwe kutenganisha. Binadamu hakatai kutenganisha. Anachokataa ni kufanywa mjinga.

Nami nisingeanza na nyumba kabisa. Ningeanza na soko la Githurai, kisha la Ruiru mjini, kisha Jamhuri na Madaraka kule Thika. Soko ni mahali pamoja panapotoa tani kwa tani za majani ya kabeji, nyanya zilizopondeka, maganda ya njegere na tikiti zilizopasuka, karibu yote mabichi, karibu yote safi, na yana mtu anayelipwa kufagia. Huhitaji kumshawishi mtu yeyote aliyeketi kwenye kochi lake. Unahitaji bati la kuezekea, sakafu ya saruji yenye mteremko, ndoo za kutosha na mtu mwenye mamlaka ya kumwambia mchuuzi kwamba kamba za nailoni zinakwenda pipa lile. Baada ya soko zije shule za bweni, hospitali na hoteli, ambazo zina jiko kubwa na mpishi mkuu mmoja. Mji ukishajua kupokea mabaki ya soko bila kuyaozesha njiani, umejifunza kila kitu unachohitaji kwa ajili ya ploti.

Na kwenye ploti, kifaa ni ndoo. Aprili 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, iliagiza taka zinazooza ziwekwe kwenye mifuko inayooza, nayo ilitoa siku 90. Naielewa nia. Lakini mfuko ni gharama mpya kila juma kwa mtu anayenunua unga wa kupima, na juala lililopigwa marufuku mwaka 2017 bado linapenya kutoka nchi jirani kwa sababu ni rahisi. Ndoo ya rangi ya lita 20, ile yenye kifuniko kinachobana, ipo tayari katika kila mjengo wa Ruiru, na huu ni mji wa mijengo. Inanunuliwa mara moja, inaoshwa, na mwenye nyumba ya pili anaona aibu kama yake ni chafu.

Baada ya ndoo, mali inakwenda wapi? Hapa ndipo wenzangu wa mazingira hurudia neno mboji kana kwamba ni amina. Mboji ni nzuri. Udongo wa huku umechoshwa na miaka ya mbolea ya dukani hadi ukawa na asidi, na mboji huurudishia uhai. Lakini mboji haina soko la hakika, na sababu mojawapo ni serikali yenyewe, ambayo tangu mwaka 2023 imemuuzia mkulima mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku kwa shilingi 2,500. Anayetengeneza mboji kwa mikono, akaigeuza miezi miwili, akaichekecha, akaipakia, anashindana na bei iliyolipiwa nusu na hazina ya taifa. Zaidi ya hayo, mkulima aliyekuta kizibo cha chupa na kipande cha kioo kwenye mboji mara moja hanunui mara ya pili. Kama ruzuku ipo, sehemu yake ielekezwe kwenye mboji iliyopimwa. Bila hivyo tutajaza maghala ya mboji isiyonunuliwa na kuita huo mradi.

Njia ya haraka zaidi kuliko mboji ni tumbo la mnyama. Nguruwe kwanza, kwa mabaki ya hoteli yaliyochemshwa tena vizuri, maana mabaki ya nyama mabichi huweza kuwaletea maradhi kama homa ya nguruwe na hapo mfugaji hupoteza banda zima. Kisha yule nzi mweusi ambaye watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu hapo Kasarani kwenye barabara hiihii ya Thika, wamemshughulikia kwa miaka. Si nzi wa chooni, na akiwa mzima haji mezani kwako. Mabuu yake hula mabaki mabichi kwa pupa, na kwa muda wa majuma mawili hivi yamenenepa tayari kukaushwa na kulishwa kuku na samaki, mahali pa omena na soya ambazo bei yake ndiyo inayowaliza wafugaji. Kinachobaki ni samadi laini. Kwa mji uliozungukwa na mabanda ya kuku, huyu ndiye mfanyakazi ninayemwona anafaa kuajiriwa mwanzo, na naomba msomaji anayekunja uso akumbuke kwamba yai analokula lilianza kwa kitu.

Taka kavu nitazipitia kwa kasi, kwa sababu zikitenganishwa na majimaji, nusu ya shida yake imekwisha. Katoni kavu inauzwa, katoni iliyolowa mchuzi haiuzwi. Chuma hakijawahi kuwa taka Kenya. Ukikiacha nje usiku, asubuhi kiko kwa mwenye mizani ya skrepu. Plastiki bei yake hupanda na kushuka pamoja na bei ya mafuta ghafi, maana plastiki mpya inatokana na mafuta, na muokotaji wa Kang'oki hulala njaa kwa sababu ya jambo lililotokea Ghuba ambalo hakulisikia. Hilo ndilo jambo ambalo kanuni za wajibu wa mzalishaji zilizotolewa mwaka 2024 zingeweza kulitibu, kama pesa za wenye viwanda zitamfikia mwenye gunia na si kuishia kwenye semina. Nimevutiwa na mfano wa Bonyokwa, Dar es Salaam, ambako shirika la Nipe Fagio limeusaidia ushirika wa wakusanya taka wenyewe kufanya kazi ya nyumba kwa nyumba. Na Pune, India, ambako waokotaji kupitia ushirika wao wa SWaCH wana makubaliano na manispaa. Tukitenganisha vitu majumbani kisha tukaipa kampuni moja kubwa mkataba, tutakuwa tumemnyang'anya muokotaji kazi ambayo ameifanya bila malipo yetu kwa maisha yake yote.

Lakini taka kavu iliyo bora ni ile isiyozaliwa, na hapa Kiambu ina mambo ya kujivunia. Chupa ya soda ya kioo: nani amewahi kuiona imetupwa? Ina rehani, kwa hiyo ina miguu ya kurudi dukani. ATM ya maziwa mtaani, unakwenda na chupa yako, unapimiwa ya shilingi 30 ukitaka. Mafuta ya kupikia ya kupima vivyo hivyo. Mwanafunzi wa Kizungu angeliita duka la namna hiyo jambo la kimapinduzi na kulipa bei mara mbili; sisi tumeliita kadogo na kuliona alama ya umaskini. Tatizo la kadogo ni pale kinapokuja ndani ya kifuko: sabuni ya kifuko, chumvi ya kifuko, kahawa ya kifuko. Kadogo cha kupima ni hazina. Kaunti ikitaka kufanya jambo la bei rahisi, ipunguze ada ya leseni kwa kila anayeuza kwa chombo cha mteja, na ihakikishe usafi wa mashine hizo unakaguliwa ili zisipate jina baya.

Halafu kuna nepi. Hapa sina la kujigamba. Nepi ya kutupa ni plastiki, karatasi, jeli na kinyesi vilivyoshikamana, na haina mnunuzi duniani kwa bei ya maana. Kamikatsu, kijiji cha Japani cha watu wapatao 1,500 kilichojitangaza mwaka 2003 kuwa kitafika sifuri ifikapo mwaka 2020, kinachambua taka kwa makundi zaidi ya 40, na kimefika kama asilimia 80. Katika kile kilichokishinda, nepi zimo. (Kumbuka na hili: mabaki ya jikoni walikwisha kuyamaliza majumbani mwao kabla hata ya kutangaza, ndiyo maana hayo makundi hayanuki.) San Francisco nayo ilijiwekea lengo la mwaka 2020 huohuo, ikalikosa. Kwetu, wazo la kuzitoza nepi ushuru wa mazingira liliingizwa kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, na mswada ule uliondolewa mwezi Juni baada ya maandamano. Sidhani tulikosea kukasirika. Mama wa orofa ya nne ambaye mfereji wake hutoa maji siku mbili kwa juma hawezi kuambiwa afue nepi za kitambaa. Tatizo lake la nepi ni tatizo la bomba la maji, na mpango wowote wa taka wa Ruiru usiomwita mezani mtu wa maji hautamgusa.

La mwisho katika hesabu yangu ni daftari. Mchukuzi yeyote anayelipwa kwa tani ana sababu ya kupenda taka nzito, zilizolowa, hata zilizochanganywa na mchanga. Mji unaolipa hivyo unanunua takataka. Walipwe kwa ploti zilizohudumiwa na kwa ndoo safi zilizofika kwa mfugaji au kwenye mabuu, na mizani ya Kang'oki isomwe kwa furaha pale tu inaposhuka. Kipimo hicho kimoja, tani zilizoingia jaani juma hili zikilinganishwa na juma lililopita, kibandikwe kwenye mlango wa manispaa zote mbili. Thika na Ruiru zimeshindana kwa kila kitu tangu nizijue.

Jioni moja majuzi nilipitia Githurai wakati soko linafungwa. Kando ya rundo la majani ya kabeji palikuwa na pikapu, na mwenyewe, mfugaji wa nguruwe, alikuwa akipakia kwa uma wa shambani, harakaharaka, kabla lori halijafika. Wanawake wawili wa kufagia walikuwa wakimsaidia kuchomoa kamba za nailoni na mifuko. Nikamuuliza anawalipa kiasi gani.

"Hawa ni shangazi zangu," akacheka. "Nawanunulia chai na mandazi. Ila sasa wamejua nguruwe ni bei gani, wanataka na supu."

Mmoja wao hakuinua kichwa. "Mwambie na ndoo," akasema. "Tukiwa na ndoo zetu hatungoji lori."